Jamaa Aliyegeuka Bluu, Profesa wa Berlin na Wasambaa Ambao Majina Yao Hayakuandikwa

Kuna jamaa mmoja wa Marekani aliyegeuka rangi ya bluu. Jina lake libaki pembeni, marehemu aachwe apumzike. Na si bluu ya filta ya Instagram. Ni bluu kweli, uso mzima na mikono, kama mtu aliyechovywa kwenye wino. Mwaka 2008 alionyeshwa kwenye televisheni, watu wakampa jina la mzee wa kile kikatuni cha vijitu vya bluu vyenye kofia, na mtandao ukampokea kama unavyopokea kila kioja. Wakacheka wee. Waliouliza alikunywa nini ni wachache.

Alikunywa fedha. Si fedha ya M-Pesa, ni fedha madini, ile ya pete na mikufu. Unachukua nyaya mbili za fedha, unazitumbukiza kwenye glasi ya maji, unaunganisha na betri, unasubiri. Chembe ndogo mno zinabanduka kwenye waya na kuelea ndani ya maji. Hazizami na hazionekani kwa macho, ni kama mafuta yanavyoelea ndani ya maziwa. Kitaalamu wanaita fedha ya koloidi. Kitaani tuseme maji ya fedha. Jamaa aliyatengeneza mwenyewe nyumbani, akayanywa zaidi ya miaka kumi, na mengine akapaka usoni kutibu ngozi.

Shida ni kwamba mwili haujui wapi pa kuipeleka fedha. Nyingine inatoka, nyingine inabaki na kulala kwenye ngozi, jua likiipiga inakuwa nyeusi. Zile picha za zamani za bibi na babu zilizopigwa studio zilitengenezwa kwa kanuni hiyohiyo: fedha ikipata mwanga inabadilika rangi. Kwa hiyo jamaa aligeuka picha, tena picha isiyofutika. Ugonjwa wenyewe unaitwa arijiria, na ukishakuingia ndo basi tena.

Hakuwa peke yake. Kuna mwanasiasa mmoja wa jimbo la Montana, naye jina tuliache, aliyegombea useneta mwaka 2002 akiwa na rangi ya kijivu-bluu. Huyu stori yake ni ya aina yake. Mwaka 1999 dunia nzima ilitishwa kwamba ikifika saa sita usiku wa mwaka 2000 kompyuta zote zitachanganyikiwa. Yeye akapiga hesabu: kompyuta zikizima, viwanda vitasimama, dawa za antibayotiki zitakosekana. Akaanza kujikinga mapema kwa maji ya fedha. Mwaka 2000 ukaingia kimyakimya, maduka ya dawa yakafunguliwa kama kawaida, mzee wa watu akabaki na rangi.

Halafu kuna mhubiri wa televisheni, maarufu sana huko kwao. Februari 2020, korona ndo inaanza kusambaa, akaleta mgeni kwenye kipindi, mgeni akayapamba maji ya fedha kwamba yameshawahi kumaliza virusi wa ukoo huo, na chini ya skrini bei ikawa inapita. Machi serikali ya Marekani ikamwandikia onyo, jimbo la Missouri likampeleka mahakamani. Na onyo lenyewe halikuwa jipya: tangu mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilishatamka kwamba dawa za dukani zenye fedha ya koloidi hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu chochote. Miaka 20 imepita na chupa zinauzika. Ukiwa na sura inayojulikana, karatasi ya serikali ni kitu kidogo.

Ila haki isemwe, fedha haikuanza kama utapeli.

Mwaka 1880, mji wa Leipzig, Ujerumani, daktari wa wazazi aitwaye Carl Credé alikuwa anaona watoto wachanga wanapofuka. Karibu mtoto 1 kati ya 10 kwenye wodi yake alikuwa anapata usaha wa macho, unaotokana na ugonjwa wa zinaa wa mama. Akaanza kudondoshea kila mtoto tone la maji yenye chumvi ya fedha. Akahesabu. Wagonjwa wakapungua mpaka wakawa wa kuokoteza. Njia hiyo ikasambaa duniani na ikaokoa macho ya watoto wengi kuliko yanavyoweza kuhesabika. Mwanawe, Benno Credé, daktari wa upasuaji kule Dresden, akaenda mbele zaidi: miaka ya 1890 akaleta fedha ya koloidi yenyewe, hii hii tunayoisema, kwa ajili ya vidonda na sumu ya damu. Hospitali ziliitumia kwa sababu hazikuwa na kingine. Antibayotiki zilipokuja, mambo yakabadilika, fedha ikabaki na kazi ya nje ya mwili. Mpaka leo ukiungua vibaya unaweza kupakwa krimu nyeupe yenye fedha ndani yake. Hiyo ni dawa, ina kipimo, inapakwa na mtu aliyesomea. Haina uhusiano na glasi, betri na YouTube.

Sasa shika hiyo miaka ya 1890, maana ndo inatuleta nyumbani.

Wakati Credé mdogo yupo Dresden na fedha yake, Wajerumani wenzake walikuwa wanalaza reli kutoka Tanga kuelekea milima ya Usambara. Kazi ilianza 1893. Ilienda kwa mwendo wa kinyonga: Korogwe walifika 1902, Mombo 1905. Mombo unaijua hata kama hujawahi kulala hapo. Ni pale basi la Dar kwenda Moshi au Arusha linaposimama, madirisha yanafunguliwa, vijana wanakuja na matunda ya Lushoto, dereva anasema dakika kumi na inakuwa ishirini. Joto limekukamata, unainua macho, unaona ukuta wa mlima umesimama juu yako. Ukikunja kulia kutoka barabara kuu, kilomita 33 hivi za kona, unafika Lushoto na unatafuta sweta. Mombo ipo mita mia nne na kidogo kutoka usawa wa bahari. Lushoto ipo karibu 1,400. Ni mwendo wa saa moja tu, lakini kwa habari ya homa ni dunia mbili.

Na kabla reli haijafika hapo, alipita mtu mmoja maarufu kuliko Wazungu wote waliokanyaga Usambara. Kabla ya jina lake, skendo zake.

Huyu profesa alikuwa staa. Neno ni hilohilo, staa. Mwaka 1882 alionyesha dunia kijidudu kinacholeta kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa unaua Ulaya kama mchezo. Sura yake ikajulikana Ulaya nzima. Agosti 1890, kwenye mkutano mkubwa wa madaktari Berlin, akasimama na kusema amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Novemba akatoa maelezo zaidi, kasoro jambo moja: ndani ya dawa kuna nini? Hakusema. Siri yake.

Unaambiwa Berlin ilifurika. Wagonjwa walikuja kwa treni kutoka kila pembe ya Ulaya, wengine wanakohoa damu njiani. Nyumba za kulala wageni zikajaa watu wanaokufa. Madaktari wakapigana vikumbo kupata kichupa. Mwandishi aliyetunga Sherlock Holmes, Arthur Conan Doyle, ambaye pia alikuwa daktari, akapanda treni kutoka Uingereza kwenda kujionea, na akarudi akiandika kwamba watu wapunguze presha, jambo lenyewe bado halijathibitika. Nani alimsikiliza? Mtunzi wa hadithi anabishana na profesa.

Kisha maiti zikaanza kupasuliwa. Profesa mwingine mkubwa wa Berlin, Rudolf Virchow, akawafungua waliochomwa sindano ile wakafa, akakuta kwa baadhi yao ugonjwa haukuzuiwa, umesambaa. Januari 1891 siri ikatoka: dawa yenyewe ni supu ya vijidudu vya kifua kikuu iliyochanganywa na glisirini. Jina lake tuberkulini. Haikutibu. Na kama vile hiyo haitoshi, profesa akaachana na mke wake wa miaka mingi, mwaka 1893 akaoa binti msanii aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Magazeti ya wakati ule yangekuwa na akaunti Instagram, siku hiyo zingelipuka.

Profesa huyo ni Robert Koch. Ndiyo, yule wa kwenye kitabu cha baiolojia. Mtu aliyepewa Nobel mwaka 1905, mwaka uleule reli inafika Mombo, ndiye aliyewahi kuwauzia wagonjwa wa Ulaya matumaini ndani ya kichupa kisicho na lebo. Cha kushangaza, tuberkulini haikutupwa. Watu walipoacha kuiita dawa na kuanza kuipima, ikaonekana ina kazi moja ndogo: ukichomwa kidogo ndani ya ngozi ya mkono na pakavimba, ni ishara kwamba kijidudu cha kifua kikuu kimeshaingia mwilini. Hospitali zinakitumia kipimo hicho mpaka leo.

Basi mwaka 1897 Koch akaja Afrika Mashariki ya Wajerumani, na akapanda Usambara. Alikuja kuchunguza homa za watu na magonjwa ya ng'ombe. Kule juu akaona jambo: watu wa mlimani hawaumwi malaria wakikaa kwao. Wakishuka bondeni, wanarudi wanatetemeka. Akawauliza wenyewe, nini kinawapata mkishuka?

Wakamjibu: mbu.

Yaani walimwambia kule chini kuna wadudu wanaitwa mbu, wanauma, na homa inayofuata wao wanaiita kwa jina hilohilo, mbu. Mdudu na ugonjwa, neno moja. Koch aliandika hayo mwaka 1898. Weka hapo tarehe ili uone uzito wake. Ni Agosti 1897 tu, kule India, daktari wa Kiingereza Ronald Ross alikuwa ameona kwa hadubini kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na neno lenyewe malaria maana yake ni hewa mbaya, kwa Kitaliano. Ross akapewa Nobel mwaka 1902. Wasambaa waliokuwa na jibu ndani ya msamiati wao wa kila siku hawakuandikwa hata jina moja. Hatujui alikuwa mzee, alikuwa mpagazi, au alikuwa mama aliyeshuka sokoni akarudi na mtoto wa moto. Kwenye maandishi ya profesa wanaitwa wenyeji, imeisha hiyo.

Na walikuwa sahihi kiasi gani? Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mbu na malaria kwenye vijiji vya Usambara, kuanzia bondeni mpaka juu. Kati ya chini na juu, uambukizaji unapungua zaidi ya mara 1,000. Ndo kilekile walichosema wenye mlima, safari hii kikiwa na namba.

Hapa mtu anaweza kusema sawa, kujua walijua, je, dawa? Dawa ilikuwepo, na nayo inapita Usambara.

Mkwinini ni mti wa asili ya Amerika ya Kusini, milima ya Andes. Gamba lake ni chungu kuliko mwarobaini, na ndani yake mna kwinini. Waholanzi waliupanda kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, mpaka wakashika karibu soko lote la dunia. Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, waliupanda na wao. Wakati wa amani ulikuwa mti mmoja kati ya mamia ya miti ya majaribio. Mwaka 1914 vita ikaanza, Waingereza wakafunga bahari, meli za dawa hazifiki. Uhaba ambao yule mwanasiasa wa Montana aliuota, hapa ulikuja kweli.

Wakayageukia magamba. Amani wakatengeneza vidonge vya kwinini. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck likawa linajitengenezea karibu kila kitu: sabuni, mishumaa, hata bandeji za magamba ya miombo. Wazo la bandeji hawakulitoa Berlin. Wenyeji walishazoea kutengeneza nguo na mifuko kwa magamba hayo siku nyingi, na Lettow mwenyewe alikiri hivyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1920. Majina ya waliowaonyesha? Unalijua jibu.

Mombo ikawa sehemu nyeti. Reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa hazijaunganishwa, kwa hiyo kutoka Mombo Wajerumani wakalaza kireli chembamba cha kwenda Handeni, vitoroli vinasukumwa kwa mikono ya watu, mzigo unavuka kati ya kaskazini na katikati ya nchi. Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakashuka na reli kutoka upande wa Kilimanjaro, Mombo ikachukuliwa, halafu Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Kaskazini yote ikaenda. Magamba ya mkwinini yaliyookolewa yakahamishiwa upande wa reli ya kati, vidonge vikaendelea kutengenezwa. Baadaye hata uwezo wa kutengeneza vidonge ukaisha. Wakayachemsha magamba kama yalivyo, wagonjwa wakapewa maji yake wanywe.

Lettow anaandika kwamba kilikuwa kinywaji cha kishetani. Wagonjwa walikinywa huku wamekunja sura, wakakipa jina la utani Lettow-Schnaps, gongo la Lettow. Kiliwasaidia. Na sababu yake haina mbwembwe: wakati kikombe kile kinachemshwa porini, dunia ilikuwa na zaidi ya miaka 200 ya kulijua gamba lile, dozi yake, na hata madhara yake. Kwinini ikizidi masikio yanavuma kama mtu amekufungulia jenereta kichwani. Ikitumiwa ovyoovyo ilihusishwa na ile homa ya mkojo mweusi iliyowamaliza Wazungu wengi. Koch huyuhuyu ni mmoja wa waliopiga kelele kuhusu hilo. Waliokunywa porini walijua kikombe kina nini ndani. Hakuna aliyewaambia ni siri.

Vita yenyewe iliwaua zaidi watu ambao hawakushika bunduki. Wapagazi, wa pande zote mbili, makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Watu waliozaliwa kwenye baridi ya milima, miili yao haijawahi kukutana na malaria, walishushwa kubeba mizigo mabondeni, yaleyale mabonde ambayo watu wa Usambara walishasema yana mbu. Dar es Salaam wameachiwa jina la soko. Kariakoo inatokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza, Carrier Corps. Kila siku mtu anasema nashuka Kariakoo kununua kava la simu, na hao wenye Kariakoo yao hawana hata orodha kamili.

Ruka sasa mpaka Machi 2011. Barabara ile ile ya Mombo.

Mwaka huo hukuhitaji kuuliza basi linakwenda wapi. Kutoka Dar magari yalipita Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi, Arusha, yakapita na Mto wa Mbu (jina lenyewe hilo, jamani), mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alisema Mungu amemwotesha mti. Unachemshwa, unakunywa kikombe kimoja, shilingi 500. Ukimwi, kisukari, saratani, pumu. Kikombe kimoja tu, tena lazima ukipokee kutoka mkononi mwake.

Waliokwenda si watu wa kijijini tu, na hiyo ndo sehemu ambayo siku hizi watu wanajifanya wameisahau. Walikwenda waheshimiwa. Walikwenda mawaziri, wakapigwa picha kikombe kipo mdomoni. Walikwenda wafanyabiashara wenye bima za kutibiwa India. Majina hayatawekwa hapa, wenyewe wanajijua na picha zipo. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita. Wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini wakapakiwa kwenye Noah. Machi hiyohiyo vyombo vya habari viliripoti watu wasiopungua 52 wamefia kwenye foleni wakisubiri kikombe. Wengine walikunywa, wakarudi nyumbani, wakaacha ARV kwa kuamini wamepona. Hao hawamo kwenye zile 52, kwa sababu hakuna aliyesimama mlangoni kwao miezi sita baadaye akahesabu.

Babu hakuwa tapeli wa kawaida, haya nayo yasemwe. Bei hakupandisha. Gari la kifahari watu hawakuliona. Ukimfananisha na yule mhubiri wa chupa za fedha, Babu ana heshima yake. Wataalamu wa serikali walisema kinywaji kwa kiasi kile hakina sumu, kwamba kinatibu au hakitibu ni jambo la kufuatiliwa. Watu wakasikia nusu ya kwanza ya sentensi. Alifariki Julai 2021, na kwa wakati huo Samunge ilishakuwa kimya miaka mingi.

Ukiiweka Berlin 1890 pembeni ya Loliondo 2011, utaona ni muvi moja, waigizaji tofauti. Mtu mmoja mwenye jina, dawa moja, kitu kimoja kisichoulizwa, na usafiri unaofika mpaka mlangoni. Wazungu wasomi wenye kofia ndefu walipanda treni kama watu wa Mbagala walivyopanda Noah. Kwa hiyo anayesema walioenda Loliondo walikuwa wajinga wa Kiafrika, aanzie kwanza Berlin.

Lakini kuna jambo jingine lilikuwa linaendelea Machi 2011, na mabasi ya Loliondo yalikuwa yanalipita kila siku bila kupunguza mwendo.

Korogwe, mji unaoupita kabla ya Mombo ukitokea Dar, ilikuwa moja ya sehemu 11 katika nchi saba za Afrika zilizokuwa zinajaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Bagamoyo ilikuwa nyingine. Uandikishaji ulianza 2009. Jumla watoto 15,459, wachanga na wadogo. Mama anamleta mtoto, mtoto anachomwa, halafu anafuatiliwa kwa miaka. Kila homa inaandikwa. Wapo waliopata chanjo ya malaria na wapo waliopata chanjo ya kitu kingine, na anayempima mtoto hajui huyu ni wa kundi lipi, ili asije akaona anachotaka kuona. Hakuna ndoto, hakuna siri, hakuna wa kupigwa naye picha. Nani angekodi Noah kwenda kuangalia muuguzi anajaza fomu?

Majibu yalipokamilika, kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36. Thelathini na sita. Hebu fikiria mtu anatangaza dawa ya asilimia 36 kwenye basi kati ya Korogwe na Mombo, yule jamaa anayesimama mbele na begi lake la dawa za meno, minyoo na nguvu za kiume. Abiria wangemcheka mpaka Same. Yeye dawa zake zote ni asilimia mia. Maji ya fedha nayo asilimia mia. Kikombe asilimia mia. Tuberkulini, kabla Virchow hajachukua kisu, ilikuwa asilimia mia.

Mwaka 2019 watoto wa Kenya, Ghana na Malawi wakaanza kuchanjwa kwa mpango wa majaribio, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaoishi kwenye malaria nyingi Afrika. Ni miezi michache tu baada ya Babu kuzikwa. Habari ile ilikaa juu siku mbili hivi, ikashushwa na mambo ya mastaa.

Wale watoto wa Korogwe kwenye majedwali ya utafiti ni namba. Wakubwa wao sasa hivi wana umri wa kumaliza sekondari.